Malalamiko kuhusu kukataliwa kwa alama za vidole vyangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima naandika barua hii, ingawa heshima yenyewe sikuipata katika duka lenu la Kigoma mjini. Taratibu za kurudisha laini iliyopotea mnazijua wenyewe, na karatasi ya polisi pamoja na kitambulisho cha taifa niliviweka mezani kama mnavyotaka.

Kijana wenu alikibana kidole gumba changu kwenye kifaa, akatazama skrini, kisha akatamka mbele ya foleni nzima: "Mama, mashine imekukataa. Laini hii si yako." Hakujaribu kidole kingine, ilhali nilipoandikishwa kitambulisho nilichukuliwa alama za vidole vyote kumi, wala hakukifuta kile kioo kilichotapakaa mafuta ya vidole vya walionitangulia.

Mimi nauza dagaa na migebuka Kibirizi. Mikono yangu inashinda kwenye chumvi na samaki, na ngozi ya vidole imelika. Mliochagua kifaa hicho mnajua kwamba kompyuta hutafuta pale mistari ya ngozi inapokatika na pale inapogawanyika, ikalinganisha nukta hizo na zilizohifadhiwa, kisha ikatoa kiwango cha kufanana. Kiwango cha kutosha huwekwa na watu: kikipandishwa sana, tapeli anazuiwa, na mwenye mali naye anazuiwa, hasa mkulima, fundi ujenzi na mzee. Mashine iliona mistari michache tu. Aliyenivua umiliki wa laini yangu ni mtumishi wenu.

Tena hukosewa hata upande wa pili. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa orodha ya alama zinazokaribiana, wataalamu wakaafiki, akakamatwa Brandon Mayfield, wakili wa Marekani asiyehusika kabisa, hadi polisi wa Hispania walipomtambua mwenye alama. FBI iliomba radhi. Ninyi mnashindwa nini?

Narudia, kwa sababu ndilo linaloniuma: aliushika mkono wangu, akauinua watu wauone, akasema, "Vidole vyenyewe havina alama, laini si yake huyu," na nyuma yangu alisimama mteja wangu wa Ujiji anayenikabidhi fedha zake kwa kuniamini. Kabla yangu alikuwa amekwisha mrudisha mzee mmoja, fundi wa kujenga, kwa maneno hayohayo.

Mtaji wangu wote umo ndani ya laini hiyo, na mitumbwi ikitia nanga alfajiri hakuna anayeniuzia kwa ahadi. Naomba laini irudishwe, vidole vyangu vyote vikipimwa kwa kifaa safi. Nilikusudia kuomba hilo tu, lakini kila nikiukumbuka ule mkono ulioinuliwa naona halitoshi: nataka kijana yule aniombe radhi dukani palepale, mbele ya watu, nami nifidiwe biashara iliyopotea.

Na mkisema ni mashine iliyoamua, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kupinga uamuzi unaofanywa na mtambo peke yake. Nisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14, barua hii itafika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Mamlaka ya Mawasiliano, na wenzangu wa Kibirizi, ambao vidole vyao havina tofauti na vyangu, wako tayari kutia saini pamoja nami na kuzihama laini zenu.

Wenu,
Mfanyabiashara wa samaki,
Kibirizi, Kigoma