Barua ya wazi kwa Mhandisi wa mji wetu: tuambieni kabla katapila haijafika

Mheshimiwa Mhandisi,

Nakusalimu kwa heshima na kukupa pole kwa majukumu. Barua zangu za kawaida zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa muhuri, na majibu hayajanifikia mpaka leo. Ndiyo maana safari hii naandika hadharani.

Wiki iliyopita katapila ya mkandarasi iliingia barabara ya kwenda shule ya msingi kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Kufika saa sita mchana, miti tuliyoipanda sisi watu wa kujitolea upande wa kushoto karibu yote ilikuwa chini: miarobaini, mahogani, na mivule michache tuliyoitoa kitaluni kwa taabu kubwa. Mingine ilishampita mtu mzima kwa kimo. Dereva alinionyesha mchoro aliopewa. Mtaro umo, kalvati zimo, nguzo za umeme zimo. Mti hata mmoja haumo. Sikugombana naye, kwa sababu yeye ametumwa.

Inayoniuma zaidi ni ile michache iliyobaki imesimama. Wapita njia wanasema afadhali hii imepona. Mheshimiwa, haijapona. Shuka mtaroni uangalie mwenyewe: mizizi minene kama kidole gumba imekatwa wima, vidonda bado vyeupe, ncha zinaning'inia hewani. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji hukaa juu juu, ndani ya nusu mita hivi ya udongo, na hapo ndipo chuma kilipopita. Kiangazi kikianza Desemba itakauka kuanzia kileleni. Upepo ukija itaanguka barabarani, na tutaambiwa miti ya watu wa kujitolea ni hatari kwa wananchi.

Miti hii unaijua. Ulikuja siku ya uzinduzi, ukapanda mvule, ukapiga picha na watoto. Mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazazi wote uliahidi mambo matatu: boza la maji wakati wa kiangazi, barua kwa kila mkandarasi anayechimba kando ya barabara, na mtu mmoja ofisini kwako wa kupokea simu zetu. Watu walipiga makofi. Kiangazi kikaja, boza halikuja. Maji tulichota kisimani kwa jerikeni za lita 20, vijana wa boda boda wakazibeba bila kudai hata pesa ya mafuta. Mama anayeuza chapati karibu na geti la shule alikuwa akimwagia mti ulio mbele ya kibanda chake kila jioni maji aliyooshea vyombo. Mti ule nao umeondoka.

Wengi hudhani kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Shimo linachimbwa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu unawekwa kando ili urudi kwanza, pamoja na samadi. Mfuko mweusi wa plastiki lazima uchanwe, la sivyo mizizi itajizungusha humo humo mpaka ijinyonge. Halafu kuna mbuzi, kwa hiyo uzio wa fito. Halafu kuna wafyeka nyasi: fyekeo likichuna gome kuzunguka shina, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mche unakufa umesimama. Haya yote nimewafundisha watu wasiolipwa chochote, wengine wamefika darasa la tatu tu, na leo wanayajua kuliko mafundi wenu.

Upande wangu, wanaotusaidia hulipia miti iliyo hai, si iliyopandwa. Hesabu ya mwaka huu sijui nitaiandikaje. Miche nilichukua kwa mkopo kwa mama mmoja mwenye kitalu, na deni lake liko palepale, sawa na ada ya wanangu. Lakini hata hilo nitalimudu. Nisichokimudu ni mtoto wa darasa la nne aliyenishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, mti wangu wameupeleka wapi?" Watu wanaojitolea wameanza kunijibu kwa kunyamaza nikiwaita, na nawaelewa.

Kwa nini imetokea hivi? Huenda ni haraka ya kumaliza pesa kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Huenda aliyechora mtaro alichora mezani, hakuwahi kupita pale kwa miguu. Naona hakuna aliyefanya kwa ubaya, ila hakuna aliyeuliza, na matokeo ni yale yale. Nchi hii yetu ya Uganda ilikuwa na misitu kwenye asilimia 24 hivi ya ardhi mwaka 1990, ikashuka mpaka kama asilimia 9 mwaka 2015. Hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, tumeona kwa macho yetu ilivyokwenda: kukausha tumbaku, kuchoma matofali, makaa, kuni. Sasa hata mti uliopandwa na mtoto mbele ya shule yake nao?

Nilikuwa nimeandaa orodha ndefu ya madai: fidia ya miche, boza, uzio. Nimeifuta. Naomba taarifa. Siku saba kabla ya mashine kuingia, au hata tatu. Mti wa misimu miwili tunaweza kuuchimba na udongo wake ukiwa umeshikana na mizizi, tukauhamisha kipindi cha mvua ukaishi. Pengine mtaro ungesogea hatua moja tu, usiguse kitu. Hayo tungeyazungumza pale pale barabarani, bila kikao wala posho ya kikao.

Nasikia upande wa kulia unaanza wiki ijayo. Kule bado kuna miti mizima, mvule wako ukiwamo. Tafadhali, Mheshimiwa, mashine isiwashwe kabla hamjatuambia. Tutakuja na majembe yetu, alfajiri, siku yoyote mtakayotaja. Namba yangu ya simu iko kwenye barua zote zilizogongwa muhuri ofisini kwako.

Wako katika kazi,
Mratibu wa wapanda miti wa kujitolea,
West Nile