Risasi ya St Davids haikutoka kwenye bunduki

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka kumi na mbili sasa na sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mlipochapa ukurasa wa michezo mara mbili nilinyamaza. Lakini makala yenu ya jumba la maaskofu la St Davids kule Wales, hapana. Mmeandika ati paa la ukumbi mkubwa "lilipigwa risasi" wakati wa vita. Risasi gani jamani? Paa lile LILIEZEKWA kwa risasi, yale madini mazito malaini ambayo zamani yalitengenezewa mabomba ya maji, halafu watu wakaja wakaibandua. Mwandishi wenu kaona neno risasi, bunduki kaongeza mwenyewe.

Mi ni mwashi mstaafu, nimejenga kwa mawe na chokaa Zanzibar kabla sijahamia Cardiff, kwa hiyo najua ninachosema. Jumba lile kwa sehemu kubwa ni kazi ya askofu Henry de Gower, aliyekaa kitini 1328 mpaka 1347, na hakuwa anajenga ngome kama mlivyoandika, alikuwa anajenga pa kupokelea wageni. Mahujaji walikuwa wanamiminika pale, maana ilisemwa kwenda St Davids mara mbili ni sawa na kwenda Roma mara moja. Ndo maana kuna kumbi mbili, ndogo ya askofu mwenyewe na kubwa ya wageni, jiko liko kati yake linahudumia zote. Na juu kabisa ya kuta kazungusha safu ya matao yenye mawe ya rangi mbilimbili kama ubao wa drafti. Hilo hamkuliona?

Sasa mwaka juzi tulikodi basi, watu wa kwetu tunaoishi huku, tukaenda kulitembelea. Kiongozi wa safari (simtaji) kasimama katikati ya ukumbi, chini ya lile dirisha la duara kama gurudumu, anawaambia watoto hayahaya yenu, mizinga ya Cromwell, yule jemadari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza miaka ya 1640, sijui nini. Nikamwambia kijana, nionyeshe tundu moja la mzinga, moja tu, ukuta huu umeliwa kutoka juu kushuka chini. Kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa kofia yake ni paa, ukiivua mvua inaingia katikati kwenye kifusi, chokaa inalainika inatoka kidogokidogo kila mwaka mpaka mawe yanabaki yamekaa kwa mazoea tu, mi nimeziona nyumba za Mji Mkongwe zikifa hivyohivyo bila mtu kurusha hata jiwe. Akanijibu, mzee tuna dakika ishirini, watu wanataka kupiga picha. Dakika ishirini! Masaa zaidi ya mawili kwenye basi kwa ajili ya dakika ishirini, na foleni ya choo imo humohumo.

Na hilo la mahari nalo. Mnasema askofu William Barlow aliuza risasi ya paa akawalipia mahari mabinti zake watano. Kwanza mngeeleza kwamba kwao baba wa binti ndo alikuwa anatoa, mke wangu kasoma kacheka mpaka chai ikamwagika. Pili, Barlow alikuwa St Davids 1536 hadi 1548, kisha akahamia uaskofu wa Wells kule England, na sheria ya kuruhusu mapadri kuoa Uingereza ilipita 1549, yaani alipokuwa pale ndoa ya padri ilikuwa bado hairuhusiwi. Ni kweli mabinti wote watano waliolewa na maaskofu, ila hesabu ya miaka hamkuipiga. Mzee yule shida yake ilikuwa nyingine, alitaka kuhamisha makao ya uaskofu yaende mji wa Carmarthen, na nyumba usiyotaka kukaa utaitunzia paa la nini.

Halafu acheni kuandika "Wales, mji wa Uingereza", Wales ni nchi. Jirani yangu Mwelshi nilimtafsiria, hajanisalimia siku tatu. Na picha yenu ni ya kanisa kuu, jumba liko ng'ambo ya kamto kanaitwa Alun.

Ombi langu dogo. Mwandishi huyo mumtume St Davids mwezi wa kumi na moja, bila mwamvuli, asimame kwenye ukumbi mkubwa saa nzima na futi kamba yake apime urefu wa kuta. Akirudi hajaelewa kazi ya paa, mimi nitamlipia nauli.

Mwashi mstaafu, Cardiff