Vyuma vya Meno na Kinga ya Kuchemsha Haviivi Chungu Kimoja

Juzi mzazi mmoja ametupandishia sauti mapokezi: kwa nini kinga ya meno ya mwanawe, ile ya kuvaa mdomoni akicheza, tumuuzie bei ile wakati Kariakoo zimejaa madukani, tena bei ya chipsi kuku? Hakuwa wa kwanza. Kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukikaribia tunayasikia hayo hayo, basi tujibu hapa.

Kinga ya Kariakoo ni ya kuchemsha. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto, inalainika, mtoto anaing'ata, inashika umbo la meno. Asiye na vyuma vya kunyoosha meno aitumie tu, hatuna ugomvi naye. Mwenye vyuma ndiye mwenye kesi. Plastiki ikiwa laini hupenya chini ya waya, ikazizunguka braketi, vile vipande vidogo vilivyobandikwa kwenye meno kushika waya, kisha ikapoa humo humo. Aliletwa hapa kijana wa kikapu ambaye kinga ilimkwama mdomoni, mama yake akaivuta kwa nguvu. Braketi mbili zilitoka nayo na waya ukapinda. Kubandika upya na kubadili waya kulimgharimu kuliko kinga yetu, na yale meno mawili yakakaa bila kuvutwa mpaka tulipomaliza.

Hata isipokwama, bado haifai. Meno yenye vyuma yanahama, ndiyo kazi tuliyolipwa kuifanya. Kinga iliyoshika umbo la leo inayazuia yasiende tunakoyapeleka. Unalipia vyuma viyasogeze, halafu unanunua kitu cha kuyarudisha!

Yetu hutengenezwa hivi. Tunachukua chapa ya meno, tunamwaga plasta, tunapata mfano. Juu ya mfano tunafunika braketi na waya, na tunaacha nafasi upande ambao meno yanaelekea. Hapo ndipo muda unapoishia, na hapo ndipo fundi mvivu anaporuka. Ndipo karatasi ya plastiki inapashwa moto na kufyonzwa juu ya mfano, tunaikata kingo, tunaisugua, mtoto anakuja kuijaribu kwa kung'ata. Ikimgusa ufizi vibaya inarudi mezani. Bei ni hiyo kazi.

Ukibanwa na hela, zipo kinga za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye vyuma, zisizochemshwa. Hazikai kwa kushika kama zetu, ila hazing'oi kitu. Tuulize, tutakuelekeza hata kama hatukuuzii sisi.

Wengine hutuambia, "Mwanangu anacheza mpira tu, si ngumi." Kipa mmoja tuliyemtibu alipigwa kiwiko kwenye kona. Meno yalibaki salama, ila braketi zilimchana mdomo kwa ndani mpaka akashonwa. Nta tunayowapa ni ya kuziba braketi inayokwaruza. Kiwiko haikizuii.

Braketi ikibanduka uwanjani, itunze, utuletee. Waya ukichoma, weka nta, uje. Tafadhali usiukate kwa kikata kucha, kipande kinaweza kumezwa. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala usiusugue. Likiwa na mchanga lisuuze kidogo tu, lirudishe kwenye shimo lake, mtoto ang'ate kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa, siyo maji, na uwahi daktari ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Sasa lalamiko la pili: "Mbona kinga mnataka kuitengeneza tena?" Kwa sababu meno yamehama. Njooni nayo kila mnapokuja kukaza waya, tuipime bure. Mara nyingi tunaongeza nafasi kidogo mnaondoka nayo. Ikiwa haiwezekani tena, chapa mpya mnalipa, hilo hatufichi, na tunaliandika kwenye risiti ya kwanza kabisa. Isioshwe kwa maji ya moto wala isiachwe juu ya dashibodi ya gari juani. Ikijikunja kwa joto, hiyo siyo ya kupimwa bure.