Mtakatifu Ambaye Hakuwapo

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako niliipokea salama, na lile swali uliloliweka mwishoni, kwamba huyo Mtakatifu Kilda alikuwa nani hata akapewa visiwa vizima, limenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Jibu ni kwamba hakuwapo. St Kilda, visiwa vya Uskoti vilivyo takriban kilomita 64 magharibi ya kisiwa cha North Uist, havikuitwa hivyo kwa heshima ya mtakatifu yeyote anayejulikana. Yaelekea wachora ramani walilinakili vibaya neno la Waviking, na kosa likapata utakatifu.

Wapo wanaosema neno hilo ni skildir, yaani ngao, kwa kuwa visiwa hivyo kwa mbali hufanana na ngao zilizolazwa juu ya maji. Wengine hutaja kisima kilichoko nyuma ya kijiji, Tobar Childa, na mimi niko upande wao. Tobar ni kisima kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa huko, na childa limetokana na kelda, ambalo kwa Waviking nalo ni kisima. Waliokuja baadaye walilikuta neno wasilolielewa, wakalidhani ni jina, wakalitangulizia la kwao. Ndiyo maana watu walikuwa wakiteka maji kwenye kisima cha kisima.

Wenyeji wenyewe walikiita kisiwa kikuu Hirta, jina ambalo wataalamu bado wanalibishania. Mengine ni mepesi: Oiseval ni mlima wa mashariki, Boreray kisiwa cha ngome. Lakini Soay, kisiwa cha kondoo, lina ushahidi ndani yake, kwa maana Waviking wasingekiita hivyo kama hawakukuta au hawakupeleka kondoo huko, na kondoo wadogo wa rangi ya kahawia wa aina hiyo ya kale wapo mpaka leo.

Jina ninalolifikiria zaidi ni Stac an Armin, mwamba wa shujaa, wenye kimo cha mita 196 kutoka baharini. Mnamo Agosti 1727 wanaume watatu na wavulana wanane walishushwa hapo kuwinda ndege, kisha ndui ikaingia Hirta ikaua watu wengi, hata hawakubaki wa kutosha kupiga makasia kwenda kuwachukua. Walikaa juu ya jiwe lile wakila ndege na samaki hadi Mei 1728, na wote kumi na mmoja walitoka hai.

Idadi ya watu haikurudi kuwa imara. Mwaka 1852 watu 36 walihamia Australia, wengi wakafia njiani, na tarehe 29 Agosti 1930 wakazi wa mwisho, nao 36, waliondolewa kwa ombi lao wenyewe, wakiacha katika kila nyumba Biblia iliyofunguliwa na rundo dogo la nafaka.

Bahati ni kwamba mwaka 1927 mpimaji ardhi aliyestaafu, John Mathieson, alikwenda Hirta akapima kisiwa na kuandika majina kama wenyeji walivyoyatamka. Ramani yake ilichapwa mwaka 1928. Ukiipata, tazama kingo za kisiwa: majina yamesongamana kwenye majabali kuliko bondeni, kwa sababu huko ndiko walikoning'inia kwa kamba wakitafuta chakula, na mtu aliyening'inia alilazimika kueleza hasa yuko wapi.

Wako daima.