Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: uvimbe wa ini ukishachomwa, nani anahakikisha umekufa?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa mionzi, napiga CT scan kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na nakuandikia hadharani kwa sababu wagonjwa ninaowasemea hawana muda wa kusubiri faili lizunguke mezani. Ni wagonjwa wa saratani ya ini waliotibiwa kwa joto, wale tunaosema "kachomwa uvimbe", na hasa kile kinachofuata baada ya hapo, yaani picha za ufuatiliaji, ambazo sasa hivi kila sehemu inapiga inavyojua yenyewe.

Kwa ndugu ambao hawajawahi kuisikia hii tiba, daktari anapitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka katikati ya uvimbe huku akiangalia kwenye ultrasaundi au CT, halafu ncha ya sindano inatoa joto, ama kwa mawimbi ya redio ama kwa maikrowevu, na joto likivuka nyuzi 60 seli zinaiva palepale kama ute wa yai kwenye kikaango. Tumbo halifunguliwi na mgonjwa hakai wodini siku nyingi. Uvimbe ukiwa haujazidi sentimita 3 hii inahesabika kabisa kuwa tiba ya kuponya. Na tangu 2018 Muhimbili na chuo kikuu cha afya cha MUHAS wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani wanasomesha madaktari wa tiba radiolojia, yaani wanaotibu huku wakiongozwa na picha, hapahapa Dar, kwa hiyo hili si jambo la nchi za watu tena. Wapo pia wanaoenda kuchomwa India, wanarudi na bahasha, na kazi ya kufuatilia inabaki kwetu huku mikoani.

Sasa sikiliza shida ilipo. Ili uvimbe ufe vizuri inabidi uchome na nyama yenye afya inayouzunguka, angalau milimita 5 kila upande, maana yake uvimbe wa sentimita 3 unatakiwa uache kovu la kama sentimita 4. Mwezi mmoja baadaye mgonjwa anapigwa picha, mtu anapima kwa rula tu, anaandika uvimbe umeongezeka, basi familia nzima inaanza kulia kwa kitu ambacho kumbe ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Hiyo mbaya, ila kuna mbaya zaidi: mgonjwa anapigwa CT bila kontrasti, yaani dawa ya kwenye mshipa inayofanya damu ionekane nyeupe kwenye picha, au ultrasaundi ya kawaida, ripoti inasema hali ni shwari, wakati pembeni ya kovu kuna kipande kidogo kiko hai kinaendelea kukua.

Ukubwa hausemi kama uvimbe umekufa, kinachosema ni damu. Ini lenyewe linapata sehemu kubwa ya damu yake kwenye mshipa unaotoka kwenye utumbo, lakini saratani inayoanzia kwenye ini inanyonya kwenye ateri, kwa hiyo ukimdunga mgonjwa kontrasti na kupiga picha kwa wakati sahihi, uvimbe ulio hai unawaka mapema halafu baadaye unafifia kuliko ini linaloizunguka sehemu hiyo, na sehemu iliyokufa haiwaki kabisa. Hapo unahitaji picha kabla ya kontrasti, nyingine kwenye sekunde kama 35 baada ya kuidunga, nyingine kwenye 70, na ya mwisho dakika 3 hadi 5. Ile ya kabla watu wengi wanairuka eti kupunguza mionzi, lakini nyama iliyoiva inaweza kuonekana nyeupe yenyewe bila kontrasti yoyote, usipokuwa na ya kulinganisha utasema inawaka. Kisha msomaji anatazama ukingo. Ukanda mwembamba ulio laini na sawasawa pande zote ni uvimbishaji wa kawaida wa kidonda, miezi ya mwanzo upo na utapotea. Kikionekana kinundu, au ukanda umenenepa upande mmoja tu, hapo kuna saratani imebaki, na mara nyingi utaikuta karibu na mshipa mkubwa wa damu kwa sababu damu inayopita inaondoka na joto na sehemu ile haiivi.

Kitu kinachoniumiza ni sidi wanazokuja nazo wagonjwa. Unafungua unakuta wamepigwa awamu moja tu, ya sekunde 70, kontrasti imesukumwa kwa mkono, hakuna picha za kabla ya kuchomwa na hakuna maelezo uvimbe ulikuwa sehemu gani ya ini. Mgonjwa kalipa, kapokea mionzi, figo zake zimebeba kontrasti, halafu jibu la swali lake halimo kwenye hiyo sidi, na mimi ndiye nakaa naye kumweleza arudie.

Mheshimiwa, mashine siyo kisingizio tena. Zile trilioni 1.3 za UVIKO-19 za 2021 zilileta CT mpaka kwenye hospitali za mikoa, na hilo nalishukuru kwa moyo wote, nalifanyia kazi kila siku. Kilichobaki ni cha bei ndogo: waraka mmoja wa wizara unaosema mgonjwa aliyechomwa uvimbe wa ini apigwe CT ya awamu zote au MRI mwezi wa kwanza, halafu kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza angalau, kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, iangaliwe kwanza, injekta, yaani mashine ya kusukuma kontrasti, itumike, na ripoti iseme waziwazi kuna sehemu hai au hakuna, badala ya kutaja sentimita tu. Na hospitali iliyochoma imkabidhi mgonjwa picha za kabla na maelezo ya sindano ilipita wapi. Hili la makabidhiano naliona ndilo muhimu kuliko yote, hata msomaji bingwa hawezi kulinganisha na kitu ambacho hajakiona.

Halafu bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo mnapopanga kitita cha mafao naomba picha za ufuatiliaji zihesabiwe kuwa sehemu ya tiba yenyewe, zilipwe pamoja nayo, isiwe kipimo cha kuombea kibali upya kila mara. Hata aliyechomwa vizuri kabisa bado ini lake ni lilelile lenye homa ya ini B au lililoharibiwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na ndani ya miaka 5 hadi wagonjwa 7 kati ya 10 uvimbe unarudi, mara nyingi sehemu nyingine kabisa ya ini. Ukiuona ukiwa na sentimita 2 unachomwa tena. Ukiuona na 7 hiyo nafasi imeshapita.

Na hawa si wachache wa kupuuzwa. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wetu ilianza 2002, waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata, ndio hao sasa wana familia na kazi. Dodoma na Manyara tuliona 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi ilivyoua watu.

Naomba waraka huo uandikwe na watu wa tiba radiolojia wakikaa pamoja na sisi tunaopiga picha, kwa sababu sisi ndio tunajua kanula, ile sindano ya kwenye mshipa, inakwama wapi na injekta ya wapi imeharibika. Nikiitwa nitakuja.

Wako katika kazi,
Mtumishi wa idara ya mionzi, hospitali ya rufaa ya mkoa