Miti ya barabarani Mwanza nani anaitunza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee miti ya jiji letu, sio ya porini, hii hii iliyosimama barabarani, mbele ya maduka na kwenye vituo vya daladala, ambayo jua likiwaka kila mtu anaikimbilia lakini ukiuliza ni ya nani hakuna anayejibu.

Huku kwetu Nyakato kuna mjohoro mkubwa, tumeukuta toka tukiwa wadogo. Wakaja watu wakaupiga chenso, ule msumeno wa mashine, katikati, kichwa chote chini, likabaki shina na visiki viwili juu. Sababu nyaya za umeme. Sawa, nyaya lazima ziwe salama, hapo sibishi kabisa, ila mti haukatwi vile jamani. Ukiukata kichwa unachipua vijiti kibao pembeni ya kidonda, vinakua fasta vinarudi kwenye nyaya zile zile, halafu havijashika vizuri maana vimeota juu juu tu na ndani kidonda kinaoza, sasa upepo wa ziwani ukija na mvua ndio unasikia tawi limeangukia bajaji. Tawi linachaguliwa, linakatwa pale linapotokea kwenye shina, nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, ili gome lipate kufunga lenyewe. Kijana wa chenso akifundishwa na mtu anayejua, anaelewa. Na chini ya nyaya ipandwe miti mifupi toka mwanzo, mbona ipo.

Kingine ni zege. Fundi akijenga mtaro au akiweka pevingi anamwaga mpaka kwenye shina, haachi hata nafasi ya ndoo. Mizizi mingi iko juu juu, inataka maji na hewa, na hapa Mwanza udongo wenyewe kiduchu, ukichimba kidogo tu umegonga jiwe. Mti unaanza kukauka matawi ya juu, mwaka unaofuata wanasema umezeeka, unakatwa. Bado misumari ya mabango ya "chumba kinapangishwa", bado wanaochomea takataka pale pale chini ya shina!

Halafu kila masika tunapanda. Agizo la serikali ni kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, mimi naliunga mkono, jiji la milima ya mawe kama hili linahitaji miti, angalieni Mabatini mvua ikinyesha maji yanavyoshuka na udongo na taka mpaka mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Lakini ripoti zinazosomwa ni za miche iliyopandwa. Iliyofika Septemba ikiwa hai ni mingapi? Kuanzia Juni mvua hakuna, mbuzi wapo, na mche hauna hata uzio wa mabanzi.

Mimi nimeangalia mtaani inayopona ni ipi. Ni ile yenye watu chini yake. Penye kijiwe cha bodaboda au mama lishe mti unapona, yule mama maji ya kusuuzia vyombo anayamwaga pale, na mbuzi akisogea anafukuzwa na watu watano. Sasa kwa nini jiji lisiwakabidhi rasmi? Kijiwe fulani, mti fulani, wapewe dumu na namba ya simu ya mtu wa kumpigia wakiona chenso inakuja.

Na ihesabiwe. New York mwaka 2015 walihesabu miti ya barabarani wakapata zaidi ya 666,000, wakaiweka kwenye ramani mmoja mmoja, aina yake na unene wake, na kati ya waliohesabu walikuwemo wananchi zaidi ya elfu mbili waliojitolea. Sisi hatuna miti mingi hivyo, tuanze na barabara ya Kenyatta, Makongoro na Nyerere, wanafunzi wa sekondari na simu zao wanaiweza hiyo kazi. Mti ukishakuwa na namba, anayetaka kuukata aombe kibali kwa namba hiyo, na mtaa utangaziwe kabla, sio watu wanaamka wanakuta kuni.

Naomba halmashauri zetu mbili, ya jiji kule Nyamagana na ya manispaa ya Ilemela, watuambie, kila moja, afisa gani anahusika na miti ya barabarani na simu yake ni ipi, watuambie kabla Juni haijafika maana miche ya masika hii bado iko hai.

Mkazi wa Nyakato,
Mwanza