Tarehe ya kuzaliwa mwachieni mtoto, nyinyi iandikeni sawasawa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zinazosubiri watoto, hasa zile ambazo tayari zimeshaanza kuulizia ukumbi. Siku hizi mjamzito anafika kliniki na tarehe yake mkononi: mtoto azaliwe siku moja na babu yake, au tarehe 1 Januari, au tarehe 14 Februari, ili bethdei iangukie siku ya kupendeza. Wapo wanaoomba upasuaji kwa sababu hiyo tu. Halafu mtoto akishazaliwa, watu hao hao hawana habari na tarehe gani imeandikwa kwenye karatasi zake.

Nianze na ile tarehe ya makadirio ya kujifungua inayoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mkunga anauliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, anaongeza siku 7 na miezi 9. Hedhi iliyoanza 10 Machi 2025 inatoa makadirio ya 17 Desemba 2025. Anayehesabu siku 280 kamili kwa kigurudumu cha kukadiria tarehe atapata 15 Desemba, kwa kuwa miezi haina urefu mmoja. Mama akikuta tarehe mbili kwenye karatasi mbili, asidhani lazima kuna aliyekosea. Isitoshe, hesabu zote mbili zinachukulia kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hupevuka karibu na siku ya 21 badala ya 14, kwa hiyo makadirio yake yasogezwe wiki nzima, mpaka 24 Desemba. Hili halisemwi kama mama mwenyewe hakulitaja, basi alitaje.

Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi, au muda mfupi baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango, hana pa kuanzia kuhesabu. Huyo apimwe ultrasaundi mapema. Katika miezi mitatu ya kwanza kipimo hicho hukosea kwa siku 5 hadi 7 hivi. Katika miezi mitatu ya mwisho kinaweza kukosea hata wiki 3, maana watoto wameshatofautiana ukubwa tumboni kama wanavyotofautiana nje. Kwa hiyo ultrasaundi ya mwezi wa nane isipolingana na ya mwezi wa tatu, inayofuatwa ni ya mwezi wa tatu.

Hata hesabu ikiwa safi, wanaozaliwa siku yenyewe ya makadirio ni kama watoto 4 au 5 kati ya 100. Mimba huhesabiwa imetimia tangu wiki 37, na nyingine hufika 42. Kwa mama wa 17 Desemba, hiyo ni kuanzia 26 Novemba hadi 31 Desemba. Ndugu wakiuliza, waambiwe "mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda" na inatosha, itampunguzia mama simu za kila asubuhi za "bado tu?" Ila zikitimia wiki 41 arudi hospitali hata kama hana uchungu, kwa sababu kondo la nyuma huanza kuchoka.

Kuna hesabu nyingine inayoleta ugomvi ndani ya nyumba. Umri wa mimba huanza kuhesabiwa siku ya hedhi, lakini mimba yenyewe hutunga wiki 2 hivi baadaye. Mume aliyerudi kutoka melini au mgodini wiki 10 zilizopita anasoma "wiki 12" kwenye kadi, anaanza kuuliza hizo wiki 2 ni za nani. Si za mtu yeyote. Wakati huo mimba ilikuwa haijatunga. Bibi zetu wa pwani waliohesabu miandamo tisa ya mwezi wala hawakuwa mbali: mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, mara tisa ni siku 265 na nusu, na tangu mimba kutunga hadi tarehe ya makadirio ni siku 266.

Sasa upasuaji wa kuchagua tarehe. Kama hakuna sababu ya kitabibu, mtoto asitolewe kabla ya wiki 39 kutimia. Mapafu ya mtoto tumboni yamejaa maji, na uchungu ndio unaoyaandaa kuyaondoa. Anayetolewa wiki ya 37 bila uchungu wowote anaweza kulia vizuri dakika ya kwanza, halafu baada ya muda akaanza kuhema mbio, pua zinatanuka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Huyo anakwenda kuwekewa oksijeni huku keki ya kumkaribisha ikisubiri nyumbani. Sukari yake hushuka, kunyonya kunamshinda, manjano humpata kirahisi. Na mkikumbuka kwamba tarehe ya kadi yenyewe inaweza kuwa imekosea wiki mbili, "wiki 37" hiyo huenda ni 35. Mama naye anabaki na kovu ambalo mimba ijayo kondo linaweza kujishika, au likafumuka wakati wa uchungu. Wanaokunywa dawa za miti shamba au kumeza vidonge vya mitaani ili "kuwahi tarehe" wako pabaya zaidi: mfuko wa uzazi hukaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka.

Nirudi kwenye kuandika. Mama ameingia leba Jumamosi jioni, 20 Desemba. Mtoto kazaliwa saa 7:20 usiku. Familia nzima inasema kazaliwa Jumamosi, lakini rejesta inasema 01:20, Jumapili, tarehe 21, na rejesta ndiyo sahihi, kwa kuwa tarehe hubadilika saa 6 usiku. Makosa hutokea mara tatu hapa. Muuguzi aliyeanza zamu tarehe 20 huweza kuendelea kuandika 20 hadi alfajiri kwa mazoea. Baba anajaza fomu kwa kumbukumbu ya kichwani badala ya kusoma karatasi aliyopewa. Na mwingine ananakili 01:20 kuwa "saa 1:20", anayefuata anaelewa asubuhi. Ukitaka kugeuza saa ya rejesta kuwa yetu, ongeza au punguza 6.

Waislamu wana hesabu yao ya akika, mbuzi anayechinjiwa mtoto siku ya saba, nayo isichanganywe na cheti. Aliyezaliwa Jumamosi mchana, siku hiyo huhesabiwa ya kwanza, na ya saba ni Ijumaa. Aliyezaliwa Jumamosi saa 3 usiku, baada ya magharibi, huanziwa Jumapili, na ya saba inakuwa Jumamosi. Mbuzi achinjwe siku hiyo, lakini kwenye fomu tarehe inabaki ya Jumamosi aliyozaliwa, 20.

Mapacha nao. Kulwa akizaliwa saa 5:50 usiku na Doto saa 6:15, wana tarehe mbili, na kila mmoja anasajiliwa kwa yake. Kuzilinganisha ili keki iwe moja ni kuandika uongo. Sherehe fanyeni siku moja, nani atawazuia? Wa 29 Februari vilevile: miaka mingine mwashieni mshumaa 28 Februari au 1 Machi, cheti hakibadilishwi.

Kabla ya kuondoka wodini, omba tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali inayopelekwa kuombea cheti, ulisome palepale: tarehe, mwezi, mwaka, jinsia, majina ya wazazi herufi kwa herufi. Linganisha na kadi ya kliniki ya mtoto. Kosa la siku moja linalofutwa asubuhi hiyo kwa kalamu ya muuguzi litahitaji kiapo na safari za ofisini likishaingia kwenye cheti, na wengi huligundua mtoto anapoombewa pasipoti au kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania Bara usajili unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90. Msingoje bethdei ya kwanza ndipo mwende RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kuulizia.

Muuguzi mkunga,
Tanga